Lori-Roboti la Mwanjelwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Tathmini

Kisa hiki kilianza kwa kosa langu, na ni haki nilitaje kabla ya kugusa la mtu mwingine yeyote. Mwishoni mwa Juni, majira ambayo Mbeya watu hulala na sweta, kijana mmoja fundi simu mwenye kibanda pale Kabwe alinitumia picha tatu, kwa kuwa mimi hutathmini vichezeo vya zamani. Ya kwanza ilionyesha lori jekundu lenye kichwa bapa na tela ya kijivu. Ya pili ilionyesha kichwa hicho kikiwa kimekunjuliwa na kusimama kama mtu. Ya tatu ilipigwa karibu mno, na ndani yake yalisomeka maandishi madogo yaliyochomoza kwenye plastiki: jina la Takara, neno Japan, na miaka iliyoanzia 1980. Chini aliandika, "Shikamoo mwalimu. Hii ni orijino?" Nilikuwa katikati ya kusahihisha madaftari ya kidato cha pili. Nikamjibu, "Marahaba. Inaonekana ni ya mwanzo kabisa, itunze." Maneno hayo yalitosha kuzaa ugomvi wa wiki mbili kati ya watu wawili ambao hawakuwa na ubaya wowote baina yao.

Kijana alikinunua kichezeo hicho sokoni Mwanjelwa, kwa mama mmoja anayeuza vichezeo vya mitumba. Mama huyo hufungua robota (na tusichanganye robota na roboti, ingawa safari hii vilikutana mahali pamoja), akavimwaga vilivyomo juu ya turubai: vigari visivyo na magurudumu, midoli isiyo na nguo, matofali ya plastiki yasiyotimia hata ukuta mmoja. Vidogo ana bei yake moja kwa vyote, vikubwa hupatana. Kwa lori hili alianzia elfu ishirini, wakafunga elfu kumi na mbili. Alishuka upesi kwa sababu ya pua. Watoto wengi wa hapa wamemjua Optimus Prime, roboti-lori kiongozi katika vichezeo vya Transformers, kupitia filamu ya mwaka 2007, ambamo ni lori lenye pua ndefu, na wateja wawili watatu walikwisha kumwambia mama kwamba hili la kichwa bapa ni feki. Ukweli umekaa kinyume, kwani kichezeo cha kwanza cha Optimus Prime, kilichotoka mwaka 1984, ndicho chenye kichwa bapa, na pua ilikuja baadaye.

Baada ya jibu langu, kijana aliziweka picha zile kwenye status yake. Kabla ya siku kwisha alijitokeza mnunuzi wa Dar es Salaam, akaahidi laki sita na kutuma laki mbili za kutangulia. Habari ya aina hiyo haitembei kwa miguu kutoka Kabwe hadi Mwanjelwa. Jioni mama alikuwa amesimama mbele ya kibanda. "Mwanangu, umenipa elfu kumi na mbili kwa kitu cha laki sita, nawe ulikuwa unajua." Kijana akaapa kwamba hakujua, kwamba aliuliza baada ya kununua. Mzee wa duka la jirani, aliposikia neno transfoma likitajwa pamoja na laki sita, alidhani kijana ameuziwa mali ya wizi ya umeme, akamshauri airudishe usiku huohuo kabla polisi hawajafika. Ilichukua muda kumweleza kwamba transfoma inayozungumzwa inaenea kwenye mfuko wa shati.

Walipokubaliana kwamba kichezeo kiletwe kwangu, nilianza kuona nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimetoa hukumu ya umri kwa kusoma mwaka uliochongwa kwenye plastiki. Mwaka huo ni wa kalibu, yaani wa umbo lililobuniwa na haki zake kusajiliwa; hauelezi siku ambayo plastiki ya moto ilimiminwa ndani ya kalibu ile. Katika vichezeo vya aina hii tofauti kati ya tarehe hizo mbili huweza kuwa ya miaka ishirini, na chanzo chake kiko kwenye historia ya bidhaa yenyewe. Takara, kampuni ya Japani, ilianza kuuza mfululizo wa Diaclone mwaka 1980, na mwaka 1982 ikaingiza ndani yake magari yanayogeuka roboti. Lori tunalolizungumzia lilitoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Battle Convoy, likiwa ni chombo cha kuendeshwa na vibinadamu vidogo vya plastiki, bila nafsi wala hadithi ya kwake. Hasbro ya Marekani ilichukua umbo hilo pamoja na mengine ya Takara, ikayapa majina mapya na uhasama wa pande mbili, ikayatoa mwaka 1984 kwa jina la Transformers. Wajapani wenyewe walimwita Convoy, yaani msafara, jina ambalo mtu aliyewahi kusubiri kwenye foleni ya malori ya kwenda Tunduma atalielewa bila mkalimani.

Umbo lililopendwa kiasi hicho halikuachwa lishike kutu. Takara ililirudisha sokoni mwaka 2000, Hasbro ikalirudisha mwaka 2002 kupitia maduka ya Toys "R" Us, na limerudi tena mara kadhaa tangu hapo. Matoleo ya marudio huweza kubeba maandishi ya miaka ileile ya zamani. Wanaotengeneza kopi nao hukichukua kichezeo halali, wakatoa kalibu kutoka humo, na wasipokuwa waangalifu hunakili hata jina la kampuni wanayoiibia. Kwa hiyo picha ya maandishi peke yake ilikuwa inaniambia jambo moja tu, kwamba kitu hiki hakikutengenezwa kabla ya miaka hiyo, nami nilikuwa nimeitafsiri kwamba kilitengenezwa ndani ya miaka hiyo. Mwanafunzi wangu akinijibu hivyo kwenye mtihani humkata alama.

Walifika nyumbani Jumapili baada ya ibada, mama akiwa na kitenge mabegani kwa baridi, kijana akiwa amekibeba kichezeo ndani ya boksi la chaja. Nilitandika taulo jeupe mezani, nikasogeza meza dirishani. Taulo jeupe lina kazi mbili: skrubu ikidondoka huonekana, na rangi ya plastiki husomeka ilivyo badala ya kuazima rangi ya mbao.

Kijana alianza kwa kujitetea. Alikuwa tayari amekijaribu kwa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, na sumaku haikushika mwilini, kwa hiyo alikuwa na wasiwasi kwamba hakuna chuma, na pasipo chuma basi ni feki. Jaribio hili nimeliona likifanywa na watu wengi, na linapotosha pande zote mbili. Sehemu za chuma za vichezeo vya miaka ile zilimiminwa kwa aloi ya zinki, na zinki haivutwi na sumaku. Kinachovutwa ni skrubu na ekseli, ambavyo hata kopi mbovu kabisa inavyo. Njia ninayoitumia mimi ni ya kizembe zaidi lakini haijawahi kuniangusha katika miezi hii: kukiacha kichezeo dirishani usiku na kukigusa asubuhi kwa mdomo wa juu. Chuma huwa baridi ya kuuma, plastiki huwa baridi ya kawaida. Jumapili ile hapakuwa na haja ya kusubiri asubuhi, kwani kitu kilikuwa kimetoka kwenye upepo wa bodaboda. Chuma kilikuwepo. Lakini chuma kimo pia katika matoleo ya marudio, kwa hiyo kuwepo kwake kuliondoa kopi nyepesi za plastiki tupu na hakukusema zaidi ya hapo.

Jibu lilikuwa kwenye mabomba ya moshi. Lori hili lina mabomba mawili ya rangi ya fedha, moja kila upande wa kichwa, ambayo roboti akisimama hubaki yameelekea juu mabegani. Katika toleo la 1984 mabomba hayo ni marefu. Katika toleo la 2002 la Hasbro yalifupishwa kwa ajili ya usalama wa watoto, na wakusanyaji wanaendelea kulinung'unikia jambo hilo hadi leo kana kwamba walikatwa wao vidole. Haya yaliyokuwa mezani pangu yalikuwa mafupi.

Hapo mtu mwangalifu hujiuliza kama mabomba marefu hayakuvunjika, kwa maana kichezeo kilichopita mikononi mwa watoto wa nchi mbili kingeweza kuvunjika popote. Nilimpa kijana lenzi yake mwenyewe, ile anayoitumia kutazama saketi, nikamwomba aangalie ncha. Bomba lililovunjika huacha sura iliyoparuza na rangi ya plastiki ya ndani huonekana, kwa sababu ule mng'aro wa fedha ni ngozi nyembamba tu juu ya plastiki. Bomba lililokatwa kwa kisu au msumeno huwa na ncha iliyonyooka yenye mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, na katikati yake plastiki huwa wazi vilevile. Alitazama kimya kwa muda. Ncha zote mbili zilikuwa za mviringo, zinalingana urefu, na mng'aro ulikuwa umepanda hadi juu ukafunika ncha yenyewe. Ngozi ya fedha hupakwa kiwandani baada ya plastiki kutoka kwenye kalibu. Mabomba haya yalizaliwa mafupi. "Basi siyo ya themanini na nne," alisema, na mama, ambaye hakuwa ameuliza neno hadi hapo, akauliza kama ina maana laki sita imekufa.

Ilikuwa imekufa, lakini si kwa namna ambayo mnunuzi wa Dar angeweza kuifikiria. Ni muhimu kutambua kwamba ushahidi huu una upande mmoja. Mabomba mafupi yanaikanusha 1984. Mabomba marefu hayaithibitishi, maana toleo la Takara la mwaka 2000 lina mabomba marefu. Laiti yangekuwa marefu siku ile, ningekuwa bado njiani. Vivyo hivyo kwa ile stika maarufu inayobadilika kwa joto la kidole gumba. Hasbro ilianza kuibandika mwaka 1985 ili mnunuzi aisugue na kuona sura ya upande wa roboti wake, kama kinga dhidi ya kopi. Kijana alikuwa ameisoma habari hiyo na alikuwa na shaka kwa kuwa hakuiona. Kutokuwepo kwake hakukuwa na uzito wowote, kwa sababu vichezeo vya mwanzo kabisa havikuwa nayo, na vya baadaye huipoteza ikachakaa.

Kilichonishughulisha zaidi kilikuwa tela. Kwa macho ya kawaida ilikuwa tela sahihi: inafunguka na kuwa karakana, na ndani yake kuna mkono wa kusimama wenye kiti. Lakini niliposukuma kichwa kirudi nyuma kiungane nayo, kilicheza. Nilipokiinua, tela ilidondoka. Kiungo kilichotumika sana hulegea taratibu na huacha alama ya kusagika inayong'aa. Hiki hakikuwa na alama yoyote, kilikuwa hakijawahi kukaa sawasawa tangu kizaliwe. Nikaigeuza tela chini juu. Kwenye mishono, mahali ambapo nusu mbili za kalibu hukutana, kulikuwa na ukingo mwembamba wa plastiki iliyochungulia nje, na kidole kilipopita kiliparuzwa. Hapakuwa na jina la kampuni popote. Kijana akawasha taa yake ndogo ya miale ya urujuanimno, ya kukaushia gundi ya vioo vya simu, nami nikavuta pazia: kichwa kilibaki na giza lake, tela ikatoa mwanga hafifu wa samawati. Siichukulii taa hiyo kama hakimu, kwa kuwa sabuni ya unga nayo hung'aa vivyo hivyo na sijui mama alivisafisha vitu vyake kwa kitu gani. Lakini hapa iliungana na kiungo, na mshono, na ukosefu wa jina, na vyote vinne vilikuwa vinaelekeza mahali pamoja. Kichwa kilikuwa halali cha marudio. Tela ilikuwa kopi, iliyokutana nacho ndani ya robota au katika nyumba fulani ya mbali ambako watoto wawili waligawana vibaya.

Mama alikumbuka hapo kwamba tela hakuitoa pamoja na lori. Aliikuta chini ya robota siku ya pili, akaona rangi zinaendana, akaziunganisha "ili ziuzike." Alilisema hilo bila haya yoyote, na sioni sababu ya kuona haya, soksi pia huziunganisha hivyo. Ila kwa mkusanyaji, ushahidi huo wa mdomo ulikuwa na thamani kuliko lenzi, na ningeupata siku ya kwanza kama ningeuliza kitu kilitokaje badala ya kuangalia picha.

Mengine niliyapitia haraka. Nyonga ya kulia ilikuwa imelegea kiasi kwamba roboti huinama kama mlevi; hilo hutibika kwa tone la rangi ya kucha isiyo na rangi ndani ya kiungo, likaachwa likauke huku kiungo kikichezwachezwa lisije likakigandisha. Stika zilikuwa zimenyanyuka pembe. Ngumi moja haikuwepo. Ngumi za lori hili hutolewa kabisa kabla ya kulikunja, hazikunjwi ndani, na ndiyo sababu hupotea kwa urahisi. Bunduki haikuwepo, wala kigari kidogo kiitwacho Roller, wala pampu ya mafuta na mpira wake.

Bei ilikuwa ndiyo kiini cha ugomvi, na hapo kijana naye alikuwa na kosa lake. Laki sita hakuizua; aliona bei za namna hiyo mtandaoni zikiwa zimeandikwa chini ya picha zinazofanana. Lakini bei iliyoandikwa ni bei inayoombwa, na mtu anaweza kuomba chochote kwa miaka mitatu mfululizo bila kuuza. Mimi huandika kwenye daftari bei zilizolipwa tu, kwa wakusanyaji ninaowafahamu hapa Mbeya na Iringa, ambao si wengi kiasi cha kujaza Hiace. Kwa kichwa halali cha marudio, chenye ngumi moja na nyonga ya kutibiwa, bila silaha na bila boksi, niliandika shilingi elfu sabini. Kwa tela ya kopi niliandika elfu tano, nikieleza kwamba ni bei ya kitu cha kuchezea na isijumlishwe na ile nyingine, kwa sababu anayekitaka kichwa kwa ajili ya mkusanyiko hatalipia tela hiyo, na mtoto anayeitaka tela hatalipia kichwa.

Mnunuzi wa Dar nilimpigia mwenyewe. Alikuwa muungwana, akaomba tu fedha yake. Kijana alikuwa amekwisha kutumia elfu arobaini kununulia vioo. Nilimkopesha, na ada ya kutuma niliilipa mimi bila kuidai, kwa kuwa laki mbili ile ilisafiri kwa neno langu. Kwa mama nilitoa maoni yangu kama nilivyoulizwa. Siku ya kununua wote wawili walikuwa hawajui, na biashara ya watu wawili wasiojua ni halali hata kama mmoja anakuja kujua baadaye. Kijana angeniuliza kabla ya kulipa kisha akanyamaza, ningesema tofauti. Mama alisikiliza, akauliza, "Na kama ingekuwa laki sita kweli, mwalimu, ungesema hivyohivyo?" Nilimwambia ndiyo, lakini nilichelewa kidogo kujibu, naye aliuona ule uchelewaji. Kijana ndiye aliyemaliza. Alitoa elfu ishirini, akampa kwa mikono miwili, akisema si deni. "Ndaga, mwanangu," mama akamshukuru kwa Kinyakyusa, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Tangu hapo mama hunipigia anapofungua robota, nami nimekubali kwenda kutazama kwa sharti moja, kwamba sitasema lolote kwa kuona picha. Mwezi Agosti alinionyesha kopo la maziwa ambamo hutupia vipande visivyo na mwenyewe, na tukalimwaga kutafuta ile ngumi. Haikuwemo. Ilikuwemo nyingine, nyeusi, ya roboti nisiyemfahamu, yenye mguu unaoingia kwenye tundu la mkono ukakaa vizuri kuliko tela ile ilivyowahi kukaa. Kijana akaitaka, kwa kuwa roboti sasa anasimama kwenye rafu ya kibanda chake na wateja humwuliza kwa nini ana mkono mmoja. Nimeiandika kwenye daftari mbele ya jina lake: kichwa, marudio; tela, kopi, imetengwa; nyonga, imetibiwa; ngumi ya kulia, si yake. Bei sikuibadilisha.